Mjusi Aliyeota Jua

Leo nimefungua rimoti ya televisheni, na harufu ya betri zilizochoka, ile ya kutu, imenipeleka kwa bibi, milimani juu ya Mkuyuni.

Dada yangu alikuwa na gemu ya mkononi ya viumbe wanaopigana. Wa kwetu alikuwa mjusi wa majani. Pigo lake kubwa lilikula zamu mbili: ya kwanza alisimama tu akikusanya jua huku anapigwa, ya pili aliliachia lote kwa mpigo. Kwa bibi hakukuwa na umeme, kwa hiyo betri nazo tulizianika juani, kwenye mkeka wa maharage. Ukungu ukishuka, tulinuna.

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi mjini shuleni, tulimfikia adui mkubwa kuliko wote. Bibi akachungulia.

"Mbona huyu wenu hapigi?"

"Anaota jua kwanza, Bibi," dada akasema.

"Na mwenzake anamtwanga tu? Jamani!"

Zamu ya pili ilipofika, kioo kikazimika. Dada akaangua kilio. Bibi aliivuta redio yake, saa ileile ya matangazo ya vifo ambayo hakuwahi kuyakosa, akachomoa betri.

"Haya, aanze kuota upya."

Safari hii mwanga ulijaa kioo kizima, na bibi akapiga kigelegele mpaka jirani akaitikia kutoka ng'ambo ya bonde.

Duka liko hapa chini ya ghorofa. Hata hivyo nimezianika betri dirishani, nimevuta kiti, nasubiri.