Alama Nyeupe Kwenye Puli

Mjomba ni mshonaji wa viti vya magari, si fundi wa injini. Hata hivyo, kwa miaka miwili alikuwa akiunda gari lake uani: bodi ya gari la jirani, turbo iliyong'olewa kwenye gari la mizigo, na mabomba aliyoyachomelea mwenyewe. Mkaza mjomba alivumilia, kisha akatoa hukumu: lisipopanda mlima wa shule bila injini kugonga ifikapo Jumamosi adhuhuri, mnunuzi wa vyuma chakavu atalichukua.

Jumamosi ikafika, na turbo iliposhika, injini iligonga kama kokoto ndani ya mkebe.

Nilishika taa ya kupimia cheche. Ilimulika alama nyeupe ya puli, lile gurudumu la mbele ya injini; alama ilikaa penye mshale, pale pale kitabu kilipoagiza.

"Alama haina kosa," mjomba alisema kwa mara ya nne. "Ni petroli hii."

"Jana zilikuwa plagi," mkaza mjomba alijibu kutoka dirishani. "Kesho itakuwa hewa."

"Mke wangu, mwenda pole hajikwai."

"Wewe hata hujaenda."

Nilikuwa na swali tangu Jumatano. Kwa heshima, nilikuwa nimelimeza; sasa nikalitoa.

"Mjomba, puli hii ni ya injini hii?"

"Ya kwanza ilipasuka. Hii nimeipata kwa wauza vipuri. Inaingia vizuri."

"Kuingia, inaingia."

Tulitoa plagi ya kwanza. Nikatumbukiza bisibisi ndefu tunduni, naye akaizungusha injini kwa spana, taratibu. Pistoni ilipofika juu kabisa, alama nyeupe ilikuwa imekwisha kuupita mshale kwa upana wa kidole. Mwezi mzima cheche zilikuwa zikiwahi, nasi tukiilaumu petroli.

Mjomba aliketi juu ya tairi. Kisha akachora alama mpya, akachelewesha cheche, akaondoka.

Mlima aliupanda bila kugonga. Aliporudi, mnunuzi alikuwa langoni, na moshi wa buluu ulifuata nyuma ya gari: kugonga kule kulikuwa kumekwisha kuharibu ringi za pistoni.

Mkaza mjomba aliutazama moshi ule.

"Limegonga?"

"Halikugonga," mjomba alisema, bila furaha.

"Basi. Nilitaja kugonga. Moshi sikuutaja." Akamgeukia mnunuzi. "Samahani, baba, tumekusumbua."

Mjomba hakushukuru. Alifungua boneti, akaomba spana namba kumi na nne.