Nilitafuta Kwenye R

Harufu ya wino wa kura haitoki upesi. Katika uchaguzi uliopita nilipigia kura shule ya msingi ya mtaa wetu, Gitega, katika darasa lililopambwa maua na vitambaa kama ukumbi wa arusi. Nilipotoka nilikuwa na weusi kidoleni, nikaunusa njia nzima, mtu mzima mimi. Nilimkumbuka Nyogokuru. Ndivyo tunavyomwita bibi hapa Kigali.

Nilikuwa na miaka minane, na katika chumba chetu na sebule mimi ndiye niliyekuwa msomi. Nyogokuru alikulia ukimbizini Bujumbura na hakuingia darasani hata siku moja. Orodha ya wapiga kura ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, alinituma.

"Wewe ndiyo macho yangu," aliniambia. "Enda uone kama niko."

Nilikwenda nimejaa majivuno. Majina yalikuwa yamepangwa kwa jina la ubatizo, toka A mpaka Z. Nyogokuru kila mtu alimwita Rewokadia, hata yeye mwenyewe, basi nikaenda kwenye R. Nikapitisha kidole kwa akina Regina na akina Roza, juu chini, mara tatu. Hakuwemo. Karani alikuwa ameketi mlangoni, hatua tano tu kutoka pale. Kuuliza si ujinga, lakini msomi wa miaka minane haulizi.

Nyumbani nilimkuta Nyogokuru akipiga pasi mushanana wake wa kijani, vazi la arusi alilolitunza kwa ajili ya siku ya kura.

"Nyogokuru, jina yako haiko."

Pasi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Sawa, mwanangu. Hata kule Burundi haikukuwaga." Alimaliza kuupiga pasi mpaka upindo, akaukunja, akaurudisha sandukuni.

Siku ya kura nyimbo zilitoka kwenye spika tangu alfajiri. Majirani walipita wamependeza, wakiongea kwa sauti za kanisani. Mtaani kwetu hakuna aliyeuliza nani atashinda. Waliulizana nani amekwisha kwenda na nani bado, na walitazamana vidole kabla ya kusalimiana. Nyogokuru alishinda ndani, mikono yake ameificha kwenye kitenge.

Jioni akaja mkuu wa mtaa na daftari lake.

"Mukecuru, bibi yetu, tulikungoja mpaka saa tisa. Jina yako iko, Leokadia. Kwa nini haukukuja?"

Leokadia! Kwa L! Ulimi wetu wa Kinyarwanda huigeuza L kuwa R, na mimi msomi sikuliwaza hilo. Nyogokuru alinitazama mara moja tu.

"Nilikuwa mugonjwa, muyobozi. Ni mugongo."

Mkuu akaandika, akaenda zake. Lakini mtaa haukuandika ugonjwa. Kwa wiki kadhaa bibi yangu alikuwa yule mwanamke ambaye hakwenda, na wengine walimpa salamu nusu. Alizipokea hivyo hivyo. Mimi nilifurahi kwamba sikuchapwa.

Kabla uchaguzi mwingine haujafika, tulimzika. Tulimvika ule mushanana wa kijani, na mikunjo ya pasi ilikuwa bado ipo.

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwa nini aliniamini upesi vile. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hayumo, akiambiwa tena haendi kuhakikisha. Na alipojua kosa ni langu, alilibeba yeye, mbele ya watu, asimwachie mtoto aibu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ni mimi, na inaniuma mpaka leo.

Katika uchaguzi huu uliopita, orodha ilikuwa imebandikwa nje ya darasa. Jina langu nililiona upesi, na foleni ilikuwa inasogea. Hata hivyo nilirudi nyuma, nikatafuta L, nikaisoma yote mpaka mwisho. Nilijua hayumo.