Maziwa Niliyokunywa Asubuhi ya Mahari

Jamani, hii nawaambia kwa sababu nusu yake mmeshaisikia pale sokoni Manika, na hiyo nusu imetiwa chumvi, kwa hiyo afadhali aibu yangu muipate kwangu mwenyewe, mimi tata Kabeya, mzee mzima mwenye wajukuu, niliyekwenda kumposea mtoto wa marehemu kaka yangu nikiwa na suti na nikarudi nyumbani nimejifunga kikwembe cha mama wa bibi harusi.

Chanzo ni mkono. Niliteleza kwenye ngazi ya mlango wangu, ngazi moja tu (moja!), mkono ukavunjika, mimi niliyefungua na kufunga mitambo ya mgodi mpaka nikastaafu bila kuteguka hata kidole. Muuguzi wa kliniki akaitazama picha, kisha akanitazama mimi kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Tata, mifupa yako inaanza kuisha nguvu, ni miaka njo inaleta. Ukule ndakala pamoja na mifupa yake, ukule mboga ya majani, na maziwa. Na hii bidonge ya calcium, moja pa chakula ya asubui, moja pa chakula ya mangaribi. Lakini kidogo kidogo, tata. Umesikia?"

Nilisikia. (Mke wangu husema mimi nasikia ila sishiki, na hapo sina la kujitetea.) Wiki nzima ikapita sijafanya lolote, maana ndakala, vile visamaki vikavu, nilikwisha kuzila za kutosha utotoni, vidonge vilikuwa vikubwa kuliko koo langu, na maziwa sisi tuliokulia kambi za wafanyakazi hatukuyajua, tangu tuache ziwa la mama chai yetu ilikuwa kavu. Isitoshe kichwa changu kilikuwa kwa Trésor, huyo mtoto wa kaka. Alimpenda Nadège, binti wa tata Kalenga, na tata Kalenga ni mtu ambaye alikwisha kufukuza familia moja iliyokuja kwa binti huyo huyo, kwa sababu tu alihisi wanamdharau. Msemaji wa familia yetu ni mimi, kwa hiyo nikiharibu mimi, kijana amekosa mke.

Asubuhi ya siku yenyewe nikavaa suti, nikautazama mkono wenye plasta, nikasema leo siendi ukweni kama mgonjwa. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa pale pale, halijaguswa, na mimi nikaamua kuyanywa ya wiki nzima kwa mpigo mmoja, nikakoroga jagi zima, nikalishusha lote nimesimama. Nikajiona kijana kabisa.

Tulipoketi kwa tata Kalenga, wao upande ule na sisi upande huu, nilianza vizuri, sauti imetoka, dada yangu Béa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Tata Kalenga akataja mbuzi tano. Na hapo hapo tumbo likanguruma, halafu likajikunja, halafu likaniambia kwa lugha isiyo na adabu kwamba nina dakika chache tu.

Sasa, mnajua desturi yetu: msemaji akisimama katikati ya mazungumzo akatoka, maana yake familia inakwenda kushauriana, na wote humfuata. Nilisimama mimi nikitafuta choo, wakasimama watu wangu wote saba, wakatoka nyuma yangu, wakanizunguka uani pale.

"Yaya, tuseme nini?" Béa akaninong'oneza, maana mimi ndiye kaka yake mkubwa.

Ningesema nini, na mama za Nadège wanapika hatua chache kutoka pale, na njia ya chooni inapita katikati ya masufuria yao? Kumwomba mama mkwe choo, mbele ya Trésor, siku ya kwanza? Nikakaza meno, maumivu yakapungua kidogo, nikasema turudi ndani. Tulipokaa, tata Kalenga akakohoa.

"Sawa, tumeona hamukufurahi. Tuseme mbuzi ine."

Béa alinibana goti kwa furaha. Mimi nilikuwa natoa jasho mpaka kola imelowa, nashindwa kukaa, nikisogea mbele nazidi kuumia, nikisogea nyuma ndiyo balaa, na kabla hawajamaliza kumimina vinywaji nikasimama tena, na wale wangu wakasimama tena, tukaenda tena kusimama uani kama watu waliopoteza kitu. Tuliporudi, mbuzi zimekuwa tatu. Mjomba mmoja akanisifu sikioni kwamba nina akili nyingi, na Mungu ananiona, sijawahi kusifiwa nikiteseka namna ile.

Tatizo ni kwamba tata Kalenga hakuwa akicheka tena. Trésor alikuwa ameinamisha uso. Kwenye mlango wa chumba niliona pazia likisogea na nyuma yake macho ya Nadège, macho ya mtu anayetazama bahati yake ikitoka nje mara mbili na kujiuliza kama itarudi mara ya tatu. Nami nikasimama nusu.

"Tata Kabeya," mzee akasema, taratibu. "Huyu ni mutoto wangu, hapana mbuzi ya pa soko. Mukitoka inje tena, musirudie."

Nilikaa. Ndugu zangu, sijui kama mnaelewa maana ya kukaa wakati ule. Nikimtii, litatokea palepale kwenye kiti chake cha kitambaa. Nikitoka, Trésor hana mke. Nikamtazama yule kijana asiye na baba, nikaona basi, heshima yangu ndiyo itakayokwenda.

"Tata mukwe, munisamehe," nikasema. "Mi sina shida na mbuzi. Mi nilikunywa maziwa."

"Maziwa?"

"Jagi muzima. Juu ya mifupa. Choo iko wapi?"

Nikakimbia. Nilipita katikati ya mama wote na masufuria yote, nikafika mlangoni, na mlango una kufuli, na ufunguo anao mama Nadège, ambaye alikuja mbio kwa kadiri alivyoweza, naye si mwembamba. Alichelewa kidogo. Hiyo sentensi naiacha hapo.

Nikarudi ndani na koti la suti, tai, na kuanzia kiunoni kikwembe chake cha maua mekundu. Tata Kalenga alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akapangusa machozi, kisha akasema kwamba kwa kuwa sikuwa na neno juu ya mbuzi, zirudi tano. Nikakubali mara moja. Ningetoka kwenda kushauriana na nani, na kikwembe kile?

Muuguzi alinieleza baadaye kwamba matumbo mengi yaliyoacha maziwa utotoni hayawezi kuyapokea mengi ukubwani, na kwamba alikuwa ameniambia kidogo kidogo. Siku hizi natafuna ndakala kichwa na mkia, nakula majani, nameza kidonge katikati ya chakula, na sijaribu tena kujenga mifupa ya miaka sitini kwa asubuhi moja. Msemaji wa familia sasa ni Béa.

Nadège ni mke wetu, ana adabu nyingi. Jumapili iliyopita alikuja na chai, akapiga magoti, akaweka maziwa kwenye kikombe cha kila mtu kuzunguka chumba chote, na alipofika kwangu akapita.