Anayesema Kuna Ukungu

Mwenye duka la miwani nililofanyia kazi katikati ya jiji alikuwa kipofu, nami nilikaa naye muda mrefu bila kujua. Hakuwa kipofu wa kupapasa ukuta. Lile duka alilijua kama mtu anavyoujua ulimi wake. Bila kusita alijua droo ya fremu za watoto ni ipi, skrubu ndogo zimewekwa wapi na ngazi ya kushukia mtaani ina vidato vingapi. Alikuwa Mhindu mwembamba, mjane, aliyezaliwa papa hapa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wahindi wa zamani, kisichojali ngeli wala nafsi. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita mama, na hapa mjini hakukuwa na mwingine aliyeniita hivyo bila kuuliza mama wa nani.

Nilijua siku nilipobadilisha ubao wa herufi. Ule wa zamani ulikuwa umegeuka rangi ya chai, basi asubuhi, kabla hajafika kutoka hekaluni, nikaubandua na kubandika mpya. Mchana akaja mteja, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole wa umri wangu. Mzee akamkalisha kwenye kiti, akamvisha ile fremu nzito ya kupimia, akawa anabadilisha lenzi.

"Sasa soma mstari ya tatu," akasema. "Naanza na E, halafu P. Si ndiyo?"

Mwalimu akageuka kunitazama. Kwenye mstari wa tatu wa ule ubao mpya hapakuwa na E wala P.

"Ndiyo, Mzee," nikajibu mimi kwa niaba yake.

Mteja alipoondoka nilifunga mlango wa chumba cha kupimia. Nikamwambia ubao niliubadilisha asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Presha ya macho," akasema. "Hii jicho nakufa kwanza, halafu hii ingine nafuata. Mimi napima macho ya watu Nairobi mzima, yangu nasema kesho, kesho."

"Mtoto wako anajua?"

"Hapana. Wewe usiseme, mama. Mimi nakaa nyumbani, nafanya nini? Bibi yangu hayuko. Duka ndiyo nabaki."

Nilikubali. Nilikubali pia jambo baya zaidi, kwa sababu nilijua miwani ya yule mwalimu ingetengenezwa kwa vipimo vya siku ile, na sikusema neno. Nilijiambia kwamba mkono wa Mzee haukosei. Wiki mbili baadaye mwalimu alirudi. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Alikuwa ameivaa ile miwani shuleni, akakosa kidato cha ngazi, akaanguka. Hakuja kugomba. Alikuja kuuliza kama labda macho yake yanahitaji muda kuzoea.

Mzee aliomba aletewe kiti, akakaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana.

"Mwalimu, mimi nakupima na mimi ni kipofu," akasema. "Hii mama hana makosa, ni mimi nasema yeye anyamaze. Mimi naomba msamaha."

Mwalimu alimtazama, halafu akanitazama mimi, na mimi nikainamisha kichwa, kwa maana makosa nilikuwa nayo. Mwishowe akaweka mkono wake mzima juu ya mkono wa Mzee na kusema, "Pole, baba." Jioni hiyo Mzee alimpigia simu mwanawe mwenyewe. Mwezi uliofuata duka lilikuwa na daktari wa macho kijana, mimi nikabaki kaunta, na Mzee akabaki nyumbani Kitisuru.

Baada ya muda aliniita. Mwanawe na mkewe walikuwa watu wa kazi nyingi, na mpishi hakuwa mtu wa mazungumzo. Basi kila Jumamosi mchana, duka likishafungwa, nilikwenda. Tulikaa barazani, viatu vyangu vikiwa mlangoni kandokando ya ndara zake. Ndege aina ya kwarara walikuwa wakipiga kelele juu ya nyasi. Mwanzoni nilikwenda kwa heshima tu, na pia kwa aibu ya lile la mwalimu.

Huko ndiko nilikosikia, kwa kile Kiswahili chake, mambo ambayo sijawahi kuyasikia kwa Kiswahili safi. Tangu ujanani alikuwa akisoma falsafa ya kwao, ile inayosema kwamba nafsi ya mtu na asili ya vitu vyote havijatengana. "Sisi nasema si mbili," aliniambia. "Hatusemi moja. Ukisema moja, mtu nauliza ya pili iko wapi. Sisi nasema tu, si mbili."

"Sielewi, Mzee."

"Wewe nakumbuka kiti ya kupima? Mteja nakaa. Mimi naweka lenzi hii, yeye nasema safi. Naweka ile, yeye nasema ukungu. Naondoa, naweka ingine, tena safi. Sasa sikiza. Ile mtu nasema kuna ukungu, yeye mwenyewe iko na ukungu?"

Nilifikiri. "Hapana. Akiwa na ukungu yeye mwenyewe, atajuaje?"

Alipiga paja lake kwa furaha. "Basi! Macho yangu nakufa. Mimi najua nakufa. Kichwa nasahau. Mimi najua nasahau. Leo huzuni, kesho furaha, zote ni lenzi tu. Ile najua, hiyo haijawahi kugonjwa hata siku moja. Hiyo ndiyo wewe. Sisi naita atma."

"Na hiyo ni Mungu?"

"Wewe nasema nini?"

"Mimi nasema nikiyataja haya kanisani kwetu nitaombewa mpaka jioni."

Alicheka hadi akakohoa, nami nikacheka. Lakini nilipokuwa nikirudi kwangu Satellite, maneno yale hayakuniachia nafasi ya kuwaza kitu kingine. Kulikuwa na kitu ndani yangu kisicho na ukungu? Nilitaka sana kiwepo.

Jumamosi moja alitaka kunifundisha njia yenyewe. Unajiuliza mimi ni nani, na kila jibu unaliweka kando, hadi ubaki na lisilowekeka kando.

"Wewe ni nani?" akaanza.

"Mfanyakazi wa duka la miwani."

"Hiyo ni kazi. Weka kando. Wewe ni nani?"

"Mkamba wa Mwala."

"Hiyo ni kwenu. Weka kando."

"Mke wa..." nikasema, nikakwama. "Nilikuwa mke wa mtu."

"Hiyo imekwisha yenyewe," akasema kwa uchangamfu, kama mtu anayeona mwanafunzi anaelekea kufaulu. "Mama ya nani?"

Nilisimama. Nilikwenda mpaka ukingo wa baraza na kushika nguzo. Nilibeba mimba tatu maishani mwangu, na hakuna hata moja iliyofika. Ya tatu ilifika mbali sana, nilikuwa nimeshanunua blanketi. Mume wangu alivumilia, kisha akachoka kuvumilia. Sasa anaishi upande mwingine wa jiji na ana watoto wawili. Kwenye ploti yetu kule Satellite kila mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi naitwa yule wa miwani.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, "wewe unavua hizi nguo mwenyewe, moja moja, kwa kupenda. Umeshazivaa zote. Mume ulikuwa, baba u baba, babu u babu. Mimi nimevuliwa. Usiniambie chini yake kuna kitu kizuri. Nimekuwa huko chini. Kuna baridi."

Macho yake yasiyoona yalikuwa yakielekea pale sauti yangu ilipotoka.

"Mimi sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

"Kweli. Miaka yote, mimi sikuuliza."

Niliondoka kabla ya chai. Juma lile nilipanga nisirudi. Nilifua, nikaenda kununua mboga Adams Arcade, nikamweleza mama yangu kwa simu kwamba Jumamosi sitakwenda kwa Mzee. Akasema afadhali, wale watu wana sanamu. Lakini ilipofika Jumamosi mchana nilijikuta nikioga na kuvaa. Nilimtamani yule mzee na lile swali lake. Ukizoea kuulizwa wewe ni nani na mtu anayetaka kweli kujua, kimya cha nyumba yako hakivumiliki tena.

Nilimkuta barazani, hajapewa chai. Hakutaja lile la Jumamosi iliyopita. Alisema, "Mama, chumba ya kuomba kuna picha ya bibi yangu. Lete."

Niliileta. Ilikuwa picha ya rangi, yenye koja la maua ya bandia. Nikamwekea mikononi. Alipitisha kidole juu ya kioo, kikateleza.

"Mimi nasahau uso yake," akasema. "Mwanzo mimi napata yote. Halafu pua naenda. Sasa nabaki sari ya kijani tu, kichwa hakuna. Wewe niambie."

Nikamwambia. Nilisema uso wake ni mviringo, nyusi zinakaribia kukutana, jino moja la mbele limelalia la pili. Nilisema anatabasamu nusu, kama mtu aliyeambiwa atabasamu na huku anataka kuuliza kama jiko limezimwa. Hapo akaanza kulia. Alilia kama watu wa kwetu wanavyolia matangani, kwa sauti, bila kujifunika.

Nilitaka kunyamaza, ila nilikuwa bado nina uchungu wangu. "Mzee, si ulisema haya yote ni lenzi?"

"Nasema."

"Na yule anayejua hana huzuni?"

"Hana." Alijifuta kwa mkono wa shati. "Mimi najua yeye hana. Miaka hamsini mimi nasoma, hiyo mimi najua. Lakini natamani, mama. Nataka kuona jino yake mara moja tu."

"Sasa ni nani anayetamani?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama fundi aliyeulizwa kuhusu kazi yake. "Sijui," akasema. "Pengine hii falsafa mimi nasoma vibaya. Mimi nafikiri ukijua, kutamani nakwisha. Haikwishi. Nakaa hapo, na ile najua nakaa hapo pamoja nayo. Haifukuzi." Akanyoosha mkono hewani hadi akaupata wangu. "Wewe pia. Ile baridi ya chini. Wewe najua ni baridi. Hauko peke yako huko."

Nililia pia, kwa mara ya kwanza tangu lile blanketi. Mpishi alileta chai, akatukuta hivyo, akaiweka mezani na kurudi ndani bila kutuuliza kitu.

Alifariki wakati wa mvua za masika zilizofuata, usingizini. Mwanawe alinipigia simu asubuhi mapema, na nikaenda nao Kariokor, mahali Wahindu wanapochomea wafu wao. Sijawahi kuzika mtu kwa moto. Kwetu unabaki na kaburi, unang'oa magugu, unamweleza marehemu habari za mvua. Pale moshi ulipanda ukachanganyika na wingu, na nikabaki sijui nitazame wapi.

Mara moja tu, Jumapili moja mchana, niliketi kitandani kwangu na huzuni ikanijia kama kawaida yake, na kwa muda mfupi nikaiona. Niliiona ilivyokaa kifuani, ukubwa wake, mipaka yake. Na kile kilichokuwa kikiiona kilikuwa kimya, kipana, hakina umri, na wala hakikuulizwa mama wa nani. Kisha jirani akafungua redio na kikaniponyoka. Nimekitafuta tena mara nyingi. Nakitamani kama nilivyowatamani wale watoto, na najua Mzee angesema huwezi kutamani kitu ambacho ndicho wewe. Lakini natamani.

Miezi michache iliyopita mwanawe alikuja dukani akiwa peke yake, wakati wa chakula cha mchana. Ni mtu wa haraka, huja, hutia saini, huenda. Siku hiyo alisimama kaunta akichezea ufunguo wa gari.

"Baba alikuwa anakuambia nini, zile Jumamosi?" akaniuliza. "Mimi alijaribu kunieleza nikiwa mdogo. Nilikuwa namwambia nina homework. Nikawa mkubwa, namwambia nina mkutano."

Nilimtazama, mtu mzima mwenye mvi, na nikaona anavyoona haya kuuliza. Nikamvutia kiti upande wangu wa kaunta. Nilijaribu kuanza mara mbili, nikashindwa, kwa sababu sikujua kama nianze na mafundisho au na kile kilio cha barazani. Yeye alingoja. Ufunguo aliuweka mfukoni, na simu yake ilipolia aliizima.