Kovu Nililolifuta

Makampuni yalipofunga na watu wa mgodi wakarudi nyumbani mikono mitupu, studio yangu ya foto hapa mtaani Kamalondo ilibaki na wateja wa aina mbili: wa matanga na wa karatasi za serikali. Juu ya hayo, ile programu kubwa ya kutengeneza foto, yenye nilikuwa nayo ya kuiba kama studio zote za barabara yetu, ikaamka asubuhi moja ikidai nilipe. Nilipe na nini? Nikaitukana, nikaenda cyber kushusha ingine ya bure.

Bure, ndiyo, lakini jamani! Kila chombo kimehama. Nilitafuta brashi kama mtu anayetafuta chumvi katika jiko la jirani.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Vita ilikuwa imeingia muji wao wakati yeye yuko huku kununua mali. Mwanawe, dereva wa lori, alibaki kule, na simu yake haikuita tena. Mama alitaka foto yake nyingi, awagawie madereva wanaopanda na kushuka njia ya kule, wamtafute. Alikuwa na moja tu, ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu.

Sasa, sisi watu wa studio tuna desturi: uso unasafishwa hata hujaombwa. Mteja akijiona na chunusi zake, anagombana. Mkono wangu ukafanya kazi peke yake, ukafuta kakovu kadogo shavuni, na mimi nikafurahi kwamba hata programu ya bure inafuta vizuri. Kisha nikahifadhi juu ya foto ileile, ndani ya kadi yake, bila kubakiza nakala. Uvivu tu. Siwezi kuisingizia programu.

Mama akaangalia. "Alama yake iko wapi? Madereva banamujua na hiyo."

Nikamweleza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Papa, umenifutia mutoto," akasema, wala hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Nikamwomba akae. Nikachukua brashi ndogo kabisa, nikaanza kulichora kovu upya, yeye akiniongoza. "Shusha kidogo. Hapo. Ongeza." Nikaongeza. "Ongeza tena." Nililiona kabla ya kulifuta, halikupita punje ya muchele. Sasa lilikuwa linakaribia mdomo.

"Mama," nikasema polepole, "hii kovu haikukuwa kubwa hivi. Hawatamujua."

"Ilikuwa kubwa. Ni miye nilimumwangilia mafuta ya moto, akiwa na myaka mbili. Ulikuwako?"

Nikageukia mashine ya kuchapia. Foto za madereva nikazitoa na kovu dogo, nikazifunga ndani ya bahasha asizione. Moja, ya kubaki kwake mwenyewe, nikaitoa vile alivyotaka. Akaipapasa shavuni kwa kidole gumba, akasema, "Unisamehe, mutoto wangu," na mimi nikainama kutafuta chini ya meza kitu ambacho hakikuanguka.