Uso wa Kukhu Msimu wa Mvua

Juzi nilikuwa Webuye, nimepewa kazi ya kuandika ubao wa kinyozi mmoja karibu na reli. Herufi nilikuwa nimemaliza, na kijana mwenye nywele za panki nilikuwa nimemchora. Ilibaki kupuliza vanishi tu. Nikaangalia mawingu upande wa Bungoma, nikaweka mkebe chini.

"Sasa unangoja nini, sista? Si umalize tupandishe juu!" kinyozi akaniambia.

Nikamjibu kwamba vanishi haipulizwi mvua ikinukia. Akacheka, ati hiyo hajawahi kuisikia. Mimi niliijua nikiwa na miaka kumi na mitatu, rafiki yangu, na niliijulia kwenye uso wa doli.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu tuliishi Kitale, mimi na mama, kwenye safu ya vyumba vya mabati nyuma ya ghala la mahindi. Wakati wa mavuno mashine ya kukoboa ilinguruma tangu asubuhi, na makapi yaliruka hadi yakaingia kwenye chai. Mama aliuza maharagwe sokoni. Chumba cha pili kilikuwa cha jirani, mama wa Kikuyu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani kutafuta shamba. Alikuwa fundi wa nguo, lakini charahani yake ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa. Kazi yake halisi ilikuwa mezani, kando ya dirisha. Alichora nyuso za doli.

Usifikirie zile doli za sokoni zenye nywele za manjano. Hizi zilikuwa nzito, baridi mkononi kama kikombe cha udongo. Viungo vyake vilikuwa vya mviringo, vimeshikwa kwa lastiki iliyopita ndani ya mwili, kwa hivyo ungeweza kumkalisha mmoja, ukamkunja goti, ukamshikisha shavu kama mtu anayewaza. Na zilikuja bila uso. Kichwa kilikuwa na pua na midomo, lakini rangi hakuna, na mahali pa macho palikuwa na matundu mawili ya kutilia macho ya kioo. Mwenyewe alikuwa mama mzungu mzee aliyeishi njia ya kwenda Saboti. Aliziagiza kutoka ng'ambo na kuzipanga kwenye kabati la vioo. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, alimfundisha kuzichora jirani yetu, ambaye tayari alikuwa akizishonea nguo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia kila kitu. Nilishawahi kufungua redio ya mama nione anayeongea. Siku moja nikiwa nimebandika pua kwenye dirisha la jirani, akaniita bila kuinua kichwa: "Wee, kama umekuja kuangalia, ingia uangalie vizuri. Unanizibia mwangaza."

Nikaingia, na sikutoka kwa miaka miwili.

Alinianzisha na kusugua chaki za rangi kwenye msasa hadi ziwe unga. Unga ule ulipakwa shavuni kwa brashi laini, kidogo kidogo, hadi uso upate damu. Kisha ilipulizwa dawa ya kushika rangi, uso ukakauka, ndipo ukachora nyusi, unywele mmoja mmoja, kwa brashi ya nywele chache, huku umezuia pumzi. Halafu dawa tena. Dawa hiyo ilikuwa na amri moja: ipulizwe asubuhi jua likiwaka, kamwe si mvua ikikaribia. Na unajua Kitale, saa nane mchana mlima Elgon umeshafunikwa kichwa na mawingu.

Kila jioni jirani aliangalia uso niliochora, akanipa pamba na spiriti. "Futa."

"Lakini huu umetoka vizuri!"

"Ndiyo maana nakwambia ufute. Kama unaujua, utaurudisha kesho. Ukishindwa kuurudisha, ulibahatisha tu."

Nililia kwa hasira mara nyingi, na nilifuta. Shule nayo iliisha hivyo hivyo, kwa chaki. Nikiwa darasa la saba mwalimu aliuliza chaki za rangi za darasa zinaenda wapi, nikamwambia ukweli kwamba ziko kwenye mashavu ya doli. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Akaniambia nisirudi bila mzazi. Sikurudi na mzazi, na mimi mwenyewe pia sikurudi. Watu wameniambia tangu siku hiyo kwamba nilijiharibia maisha. Wacha waseme.

Mwaka huo, mvua za Aprili zikiwa zimeanza, kukhu alifariki. Kukhu ndivyo sisi wa Bungoma tunavyomwita nyanya, na huyu ndiye aliyenilea hadi nikafika umri wa kwenda shule. Alinuka moshi wa jikoni na mboga ya mrenda. Jumamosi tulipeleka mahindi kwenye kinu, tukarudi naye akiwa na unga hadi kwenye kope, ananiuliza, "Nimekuwa mzee leo, au ni unga tu?" Nyusi yake ya kushoto ilikatika katikati, mahali mlango wa ghala ulipomwangukia akiwa msichana.

Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ile ya kitambulisho. Na wewe unajua mtu akifa kitambulisho kinakwenda wapi. Kibali cha mazishi kilipotafutwa, ami alipeleka kitambulisho kwa naibu wa chifu, kikabaki huko, ndiyo sheria. Nilikiona mara ya mwisho kikipita mkono hadi mkono pale nyumbani Bungoma. Niliomba nikishike. "Peleka chai kwa wageni," wakaniambia.

Tuliporudi Kitale nilianza kuamka na hofu. Niliweza kukumbuka nyusi, lakini mdomo ulikuwa unapotea. Kesho yake ikawa shavu. Nikaona kabisa kwamba nikingoja nitabaki na harufu ya moshi peke yake.

Mezani kwa jirani kulikuwa na doli mmoja wa rangi ya kahawia, wa kwanza wa rangi hiyo kuletwa, naye alitakiwa kuchorwa msichana mrembo. Jirani alikwenda kanisani kikao cha akina mama. Nikakichomoa kichwa chake.

Nilichora kwa siku tatu, kila alipotoka. Nilikata nyusi ya kushoto. Niliweka ile mikunjo mitatu aliyoipata kwa kukunja uso mbele ya moshi. Mdomo uliponikataa niliufuta, nikaurudia, nikaufuta, hadi siku ya tatu ukaja wenyewe, umebanwa upande mmoja kama mtu anayezuia kicheko. Nikashika mkebe wa dawa. Mawingu niliyaona. Ngurumo nilizisikia. Lakini niliogopa jirani atarudi, nikapuliza.

Uso ukageuka mweupe mbele ya macho yangu. Ukungu wa kijivu ulitanda kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye kope. Nilisimama pale nikijua nimeharibu, hadi nilipomwangalia tena. Alikuwa kukhu anatoka kwenye kinu.

Jirani aliingia amelowa, akaona. Hakunipiga. "Ni nani?" akauliza. Nikamwambia. Akakaa chini, akavua viatu polepole. "Pole, mama. Lakini doli si yako wala si yangu, na dawa imeharibiwa na unyevu. Futa."

"Sifuti."

Mama aliitwa. Akaangalia mara moja, akageuka kuelekea ukutani. "Huyo tumemzika! Unamtoa kaburini umkalishe kwa meza? Futa hiyo kitu kabla watu hawajasema tunaroga."

"Sifuti, mama. Wewe una picha yake gani?"

Nililala na kile kichwa kifuani, chini ya sweta.

Ijumaa mama mzungu alikuja mwenyewe kuchukua doli wake. Jirani alianza kuomba msamaha kabla mlango haujafunguka vizuri. Yule mzee alikipokea kichwa kwa mikono yake inayotetemeka, akakipeleka dirishani.

"Huyu nani?"

"Kukhu yangu."

"Mimi nataka huyu. Mzuri sana kupita yote. Usibadilisha." Kisha akamwambia jirani kwamba ana safari, anarudi kwao moja kwa moja, na huyu ndiye atakayemweka mbele kabisa kwenye kabati.

Jirani akashusha pumzi. Mama, aliyekuwa mlangoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Wote walikuwa wamepona isipokuwa mimi. Nilimwona kukhu nyuma ya kioo, katika nchi yenye baridi, wageni wakimwinamia wakiuliza ni nani, na hakuna wa kuwajibu.

Nikaomba nikishike kile kichwa mara moja. Akanipa. Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye spiriti.

"Wewe mtoto!" mama akapiga kelele.

Nilianza na mdomo. Kisha nyusi, ile iliyokatika mwisho. Mama mzungu alisema "hapana, hapana," lakini hakunizuia mkono. Nilimrudishia doli wake bila uso, kama alivyomleta. Jirani ndiye pekee aliyeelewa. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Utaurudisha?" Nikamwambia, "Hata kesho."

Vile vyumba vya mabati siku hizi ni gorofa ya kupangisha. Jirani alihamia kwa mwanawe, na mama mzungu sijui alifikia wapi. Kitambulisho kiko ndani ya gunia fulani la ofisi, kama panya hawajakila. Nami sijakaa mji mmoja miaka miwili tangu siku hizo. Nimechora malori Suam, pale mpaka wa Uganda, kuta za hoteli Saboti, mbao za maduka nisizozikumbuka.

Kinyozi wa Webuye hakujua kwa nini niligeuza ubao wake tukingoja jua. Upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, nilimchora kukhu kwa chaki na brashi nyembamba: nyusi iliyokatika, mikunjo mitatu, mdomo unaozuia kicheko. Yupo nyuma ya kila ubao niliowahi kuandika kutoka mpakani hadi Bungoma. Asubuhi iliyofuata jua liliwaka, nikapuliza vanishi pande zote mbili.

"Na huko nyuma nani ataona, bana?" kinyozi akauliza.

Nikampa misumari, nikamshikia ngazi.