Sifuri za Mhojaji Namba Saba

Niliiona namba yangu kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa saba. Nilikuwa sijaifikiria kwa miaka mingi, lakini niliitambua papo hapo, kama mtu anavyoutambua mwandiko wake.

Tulikuwa dukani kwangu Mkomani, ninapopiga chapa na kutoa fotokopi. Mbele yangu walikaa wasichana wawili wa kidato cha nne. Mmoja ni mzaliwa wa mtaa huu huu. Mwenziwe ametoka Mbwajumali, kisiwani Pate, na anakaa kwa shangazi yake ili asome. Walikuwa wameingia shindano la shule za sekondari: kila timu hupewa faili la majibu ya utafiti wa afya uliofanywa majumbani, majina yakiwa yameondolewa, na hutakiwa kuchimbua humo jambo ambalo wengine hawajaliona. Timu ya kwanza ingelipiwa chuo kikuu. Yule wa Mbwajumali ndiye aliyeutaka ushindi zaidi, maana baba yake alishamwambia kwamba baada ya mtihani hana uwezo wa kumpeleka mbele.

Waliniomba niwaongoze. Mimi mwenyewe nilikomea kidato cha nne. Takwimu nilijifundisha kwa vitabu ambavyo watu walileta dukani kunakiliwa. Nilivisoma mashine ikipoa.

Na walikuwa wamepata jambo. Katika sehemu moja ya Pate, kwenye swali la watoto waliozaliwa hai kisha wakafariki, safu nzima ilikuwa sifuri. Nyumba baada ya nyumba, hakuna mtoto aliyekufa. Wao walidhani sababu ni maji ya mvua yanayohifadhiwa kwenye mabirika. Grafu ilikuwa tayari, na kichwa pia: Kisiwa Kisichozika Watoto.

“Ami, hii ni moto!” alisema yule wa Mkomani. “Kumbe huyu mwenzangu katoka peponi na hasemi.”

“Nyinyi endeleeni na maji yenu ya mfereji,” mwenziwe akamjibu. “Mkija kuomba ya kwetu, mtapanga foleni.”

Niliwaambia kwamba jambo zuri kupita kiasi hukaguliwa mara mbili. Nikawaonyesha namna ya kuyapanga majibu kwa kila mhojaji, kwani kila aliyekwenda kuuliza ana namba yake ndani ya faili. Walipanga. Mhojaji namba nane, aliyepita vijiji vya jirani, alikuwa na vifo. Namba tano alikuwa navyo. Ile safu nzima ya sifuri, bila kubaki hata nyumba moja, ilikuwa ya namba saba.

“Huyu naye ni jini gani?” aliuliza wa Mkomani. “Akipita tu, watoto hawafi.”

Nilikuwa nimekwisha kumbuka.

Wahojaji wanawake walikuwa wachache mwaka ule wa utafiti, na mmoja alipougua nilipewa karatasi zake za Pate, Mbwajumali ikiwamo. Tulifunzwa siku kadhaa, na sheria ya kwanza ilikuwa kulisoma swali kama lilivyoandikwa. Mimi ni mtu wa utaratibu. Karatasi zangu hazikuwahi kurudishwa na msimamizi. Kila kisanduku kilijazwa, kila tarehe iko mahali pake. Nilijivunia hilo kwa miaka.

Lakini katika nyumba ya kwanza nilikaa dakani, kibarazani pa kuingilia, mwanamke yuko nyuma ya pazia la mlango, nami nikafika kwenye swali lile: “Je, umewahi kuzaa mtoto aliyezaliwa hai kisha akafariki?” Ulimi haukuinuka. Mimi mgeni, mwanamume, siku njema, nimpigie mtu hodi ili nimtajie maiti? Nikasema, “Watoto wote wazima?” Akajibu, “Alhamdulillahi.” Nikaandika sifuri. Nyumba ya pili nilifanya vivyo hivyo. Kufikia ya tatu sikuliangalia tena swali lililoandikwa.

Swali nililigeuza salamu, na salamu kwetu ina jibu moja. Hata mwenye jeneza ndani atasema alhamdulillahi kwanza.

Pale dukani nilishikilia tumaini dogo kwamba pengine kweli hawakufiwa. Nikamwomba yule wa Mbwajumali ampigie mamake simu, aweke sauti nje, alisome swali neno kwa neno. Alilisoma huku akitabasamu.

Mamake akauliza kwa lafudhi ya kwao:

“Nani ataka kuyua?”

“Ni kazi ya shule, mama.”

“Wawili,” mamake alisema. “Wa kiume na wa kike. Kabula yako wewe.”

Tabasamu la msichana lilibaki usoni muda mrefu kuliko lilivyopaswa. “Mama, hukunambia.”

“Hukuniuliza.”

“Na yule aliyekuja na makaratasi, mbona hukumwambia?”

“Yule bwana? Alikaa dakani, akauliza wana wazima. Nikamwambia alhamdulillahi. Akaandika, akenda zake. Dada yangu wa Siyu alikuwa keshaulizwa na mwanamke. Alisema, akalia, akapoa. Nami nikajiweka tayari. Nikangoja aniulize. Hakuniuliza.”

Alipokata simu, niliwaambia. “Namba saba ni mimi.”

Wa Mkomani alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaniangalia usoni akaacha. Baadaye akasema polepole, “Tunyamaze. Nani atajua? Shindano ni Jumamosi, Ami. Hatuna kitu kingine.”

Sikuwa na haki ya kuwaamulia. Yule wa Mbwajumali alikuwa akiitazama safu ya sifuri.

“Mamangu nimwandike sifuri tena?” aliuliza.

Akaifuta grafu yake mwenyewe.

Waamuzi walitua kwa ndege kisiwani Manda asubuhi ya Jumamosi, wakavushwa kwa boti hadi kwetu. Wasichana walieleza kwamba walichokipata si afya ya kisiwa bali kosa la mtu mmoja. Mwamuzi mmoja alitaka ushahidi. Nilisimama nikasema ushahidi ni mimi, na nikaeleza nilivyouliza. Mwamuzi alishukuru, kisha akasema shindano lilihitaji matokeo yatokayo ndani ya faili, na simu ya mzazi mmoja na maneno ya mzee mmoja hayamo humo. Ilishinda timu iliyochunguza vyandarua.

Tulirudi kwa miguu. Wa Mkomani alitangulia, hakutaka maneno na mtu. Mwenziwe alitembea kando yangu, mkoba kifuani.

“Ami, uliwaonea haya wale wanawake?”

“Nilidhani hivyo.”

“Mama hakuwa na haya. Alikuwa akingoja.”

“Nilimsikia.”

“Basi haya ilikuwa ya nani?”

“Yangu,” nilimwambia.

Alitembea hatua kadhaa, akaniuliza nyumba zilikuwa ngapi. Mimi, mtu wa utaratibu, sikuikumbuka hesabu. Nilichokumbuka ni mapazia ya milango, moja moja, na rangi zake, na jinsi nilivyokuwa nikiinuka upesi.